Kimya cha Lavelle

Senatobia, Mississippi
5 Machi 1972

Mjukuu wangu Thaddeus,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini zinakukuta mzima, na kwamba leo umekula kitu kilichotoka kwenye sufuria, si kilichofungwa kwenye karatasi. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto linalonitabiria mvua tangu Jumatatu. Bibi yako anauliza kama Verlene bado anaimba shingo wazi kwenye baridi hiyo.

Kaseti yenu ya St. Louis imefika, na nimeisikiliza mara tatu hapa jikoni. Nitaanza na sifa, maana mwalimu akianza na makosa mwanafunzi huziba masikio. Gitaa lako limekomaa. Zamani ulikuwa ukijaza kila nafasi kama mtu anayeogopa kuulizwa swali. Sasa unauacha wimbo upumue. Watu wanaiita bendi yenu ya roki, na kelele ya kuitwa hivyo mnayo, lakini chini yake nasikia bluzi za vilima vyetu. Wimbo unakaa palepale kama ng'ombe kivulini, na ngoma ndiyo inayotembea. Hilo mmelirithi kwenye pikiniki za Julai, filimbi za matete na ngoma, mbuzi akiwa motoni. Mimi nimepiga ngoma kubwa kwenye pikiniki hizo miaka thelathini na mmoja, ndiyo maana nauliza ninachouliza.

Katika wimbo wa tano Lavelle anasimama, dramu zake zinakatika. Hasimami mwisho wa ubeti, pale ambapo mtu hupumzika. Anasimama katikati, kama msemaji aliyeacha neno nusu. Nimehesabu kwa kidole mezani: mapigo manne. Kisha anarudi, nanyi mnarudi naye. Nani alibuni jambo hilo? Na mnapeana ishara gani?

Wasalimie wenzako wote wawili.

Babu yako,
Alonzo Pettis


Kansas City
19 Machi 1972

Babu mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa goti. Sisi tuko salama. Verlene anasema kitambaa anacho, ila anakifunga kichwani, kwa sababu shingoni kinamfanya aonekane shangazi wa mtu.

Nilijua utakisikia! Hicho ndicho watu wanachokiita kimya cha Lavelle, na ndicho kilichotupatia jina. Kilianza Memphis mwezi wa kumi. Alisimama tu, vijiti viko hewani, macho yanatazama juu ya vichwa vya watu. Mimi na Verlene tukababaika, tukasimama naye. Ukumbi mzima ukanyamaza, Babu. Nilisikia barafu ikigongana kwenye glasi ya mtu. Halafu akazishukia zile dramu, na watu wakapanda juu ya viti. Tangu siku hiyo hatujui kitakuja wimbo gani. Hakuna ishara. Verlene anaangalia mkono wake wa kushoto, mimi namwangalia Verlene. Nilimuuliza amekitoa wapi, akatabasamu: "Nyie mnapenda kuchunguza sana. Pigeni muziki."

Gazeti moja la hapa limeandika kwamba hakuna mpiga dramu mwingine mwenye ujasiri wa kunyamaza hivyo. Jana vijana walikuja na bango: TUNYAMAZIE, LAVELLE.

Sasa habari kubwa. Mtu wa kampuni ya santuri atakuja kutusikia Minneapolis tarehe 15 Aprili. Miaka minne tunalala kwenye gari, na bendi yetu haina santuri hata moja. Hii ndiyo nafasi yetu.

Barabara isikutie hofu. Lavelle ndiye dereva, maana hanywi hata bia. Maili mia tatu kwa siku, sisi nyuma tunakoroma. Kaseti ya hapa naiweka humu. Sisi hatuna hata chombo cha kuisikilizia, kile cha Verlene kinarekodi tu, spika imekufa.

Mjukuu wako,
Thad


Senatobia
27 Machi 1972

Thaddeus mwanangu,

Ni matumaini yangu barua hii inakukuta Omaha, na inakukuta mzima. Huku mvua ya goti langu ilifika. Bibi yako ana mafua madogo.

Kaseti ya Kansas City nimeisikiliza mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Kimya sasa ni mapigo saba. Bibi yako alinikuta nimeinamia meza akaniuliza kama nasali.

Nakuomba unijibu maswali haya kwa ukweli, bila kumwonyesha mtu. Lavelle akiwa kwenye kimya kile, mdomo wake unafanya nini? Je, anatafuna au kumeza wakati hana kitu kinywani? Akirudi, anajua wimbo umefika wapi? Je, hilo limewahi kumtokea nje ya jukwaa, akiwa anaongea au anakula? Usimuulize yeye. Mtazame tu.

Na mpaka utakaponijibu, endesha gari wewe. Sema unataka kujizoeza, au sema babu yako ni mzee msumbufu, ambalo wala si uongo. Ningekupigia simu, lakini unaijua simu yetu, laini moja kwa nyumba nane. Ukikohoa kwangu, Bibi Zenobia kule ng'ambo ya kijito anakuuliza umekunywa dawa gani.

Babu yako


Omaha
4 Aprili 1972

Babu,

Shikamoo. Mpe Bibi pole ya mafua. Sisi wazima.

Nitasema ukweli kwa sababu umenifundisha kuusema. Barua yako imenikera. Nilipoacha chuo ulisema muziki ni wa Jumamosi, si wa maisha. Sasa mtu wa santuri anakuja, nawe unaanza kututafutia ugonjwa. Unahesabu mapigo kama unavyosahihisha madaftari!

Haya, majibu. Ndiyo, anatafuna. Verlene humtania: "Lavelle, nipe kipande." Akirudi, anarudi sawasawa, ila mara mbili alirudia ubeti tuliokwisha kuupiga, watu wakadhani ni makusudi. Nje ya jukwaa sijaona kitu. Au labda Jumanne iliyopita. Alikuwa anaendesha, anatusimulia habari za mbwa wa mjomba wake, akakatiza. Barabara ikapinda, sisi tukaenda moja kwa moja mpaka kwenye shamba la mahindi lililokwisha vunwa. Hakuna aliyeumia. Verlene akapiga kelele, "Unalima?" Lavelle akashika breki, akacheka, akasema, "Tumefika wapi?" Tukacheka wote.

Nilimwomba niendeshe. Alisema, "Wewe? Wewe uliyegonga sanduku la barua la kanisa?" Basi.

Usiwe na hofu bila sababu, Babu. Kuanzia tarehe 8 tuko Des Moines siku tatu.

Thad


Senatobia
7 Aprili 1972

Thaddeus,

Salamu nafupisha, utanisamehe. Sote tuko hai.

Kuna kifafa kinachomwangusha mtu na kumtoa povu. Hicho kila mtu anakijua na anakikimbia. Kuna kingine cha kimya. Mtu hubaki amekaa, macho wazi, mdomo ukitafuna hewa, na mwenye nyumba hayumo. Baada ya muda hurudi, wala hajui kwamba aliondoka. Lavelle Gandy nilimfundisha darasa la nne hadi la sita, mwaka 1956 hadi 1958. Nilikiona mara sita. Mama yake, Odessa, alikuja shuleni na aproni yake ya kazi, akapiga magoti kwenye sakafu ya darasa langu. Siku hizo mtoto wa kwetu mwenye kifafa alipelekwa kwenye hospitali ya wendawazimu, na wengi hawakurudi. Niliapa kwa Biblia kwamba sitasema kwa mtu, hata kwa Lavelle mwenyewe.

Kisha kikapotea, kama kinavyopotea kwa watoto wengi. Miaka minne sikukiona. Wakati ule, kama unavyokumbuka, mabasi ya shule yaliendeshwa na wanafunzi wakubwa. Lavelle alipofika miaka kumi na sita aliitaka kazi hiyo. Fomu iliuliza: je, amewahi kuwa na kifafa? Niliandika hapana, nikatia sahihi. Aliendesha basi lile miaka miwili, Thaddeus, na wewe ulikuwa ukikaa kiti cha tatu. Nilisimama mlangoni kila asubuhi mpaka nilipoliona linakuja.

Jana nimekwenda kwa Odessa. Alikuwa anachambua mboga.

"Mwalimu," akasema, "uliapa."

"Kimerudi, Odessa. Nimekisikia kwenye kaseti."

"Umesikia mwanangu anapiga ngoma. Gazeti zima limemsifu, wewe unasikia ugonjwa."

"Anaendesha gari lenye watu watatu."

"Na mwaka ule alipoendesha lenye watoto arobaini, mbona sikukuona hapa?"

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nikaketi kuandika. Nimekivunja kiapo. Mwambie Verlene. Chukueni funguo leo.

Babu yako


(Kadi ya posta)
Iowa City, 10 Aprili 1972

Shikamoo Babu! Des Moines imefutwa, ukumbi umeingia maji, hatukupita hata mjini. Theluji mwezi wa nne! Alhamisi tarehe 13 tunapiga La Crosse, Wisconsin, kwa Bwana Kessler. Ijumaa saa nne asubuhi tunaondoka kwenda Minneapolis kwa barabara ya juu ya mto. Ni mto uleule wetu wa Mississippi, ila huku una majabali na unautazama toka juu kama kisima. Wanasema ina barafu lakini Lavelle anasema ameshaendesha kwenye matope ya kwetu Panola, barafu ni nini. Kimya cha jana kilikuwa kirefu mno, mwanamke mmoja alilia. Kaseti imo kwenye begi, nitaituma. T.


Senatobia
Ijumaa, 14 Aprili 1972

Thaddeus,

Sijui kama kuna mtu wa kuisoma barua hii. Naiandika kwa sababu mikono inahitaji kazi.

Kadi yako ililetwa jana saa nane mchana. Niliposoma kwamba hamkupita Des Moines, nilijua barua yangu imelala huko kwenye sanduku la mtu. Nikainua simu. Nilimwomba mama wa mitambo ya simu anitafutie klabu ya Kessler, La Crosse. Ilichukua saa nzima. Muda wote huo nilisikia kwenye laini mtu anapumua, na nyuma yake saa ya ukutani ya Bibi Zenobia.

Aliyepokea alikuwa mhudumu wa baa. Akasema bendi haijafika, wala yeye si tarishi.

"Kijana," nikamwambia, "andika."

"Mzee, nina mapipa ya kushusha."

Hapo ndipo nilipolisema kwa sauti kubwa, jina lake na ugonjwa wake, huku nyumba nane zikisikiliza: Lavelle Gandy ana kifafa, asiguse usukani. Halafu Zenobia akaingia, "Wewe wa mapipa! Umesikia alichosema Mwalimu? Chukua kalamu! Mama yako hakukufundisha kuandika?" Mwingine, nadhani ni Shemasi Tull, akasema, "Andika kifafa, kwa herufi kubwa." Yule mhudumu akasema sawa, sawa, akakata.

Saa nne imepita. Sasa ni saa nne na nusu. Nimepiga tena mara tatu na hakuna anayepokea. Odessa amepita barabarani mbele ya nyumba yangu, anatazama mbele. Habari imemfikia. Hakugeuza shingo.

Bibi yako ameketi karibu na simu. Tuandikie neno moja.

Babu


Minneapolis
18 Aprili 1972

Babu, Bibi,

Shikamooni. Tu hai, wote watatu. Nisameheni kwa siku hizi nne. Simu niliiogopa, nyumba nane zingesikia.

Yule mhudumu alisahau. Alitupatia karatasi Ijumaa asubuhi tulipokuwa tunapakia vyombo. Imeandikwa nyuma ya kadi ya bia: "Babu yako na mama mmoja mkali. LAVELLE ASIENDESHE. KIFAFA." Nilicheka, nikamwonyesha Verlene. Hakucheka. Lavelle alikuwa ameshakaa kwenye usukani, injini inaunguruma.

"Zima kwanza," Verlene akamwambia.

"Tumechelewa, bibi wee."

Nikampa kadi. Akaisoma, akaigeuza, akatazama picha ya bia. "Babu yako amezeeka, Thad."

"Kimya chako ni nini, Lavelle?"

"Kimya changu? Nyie ndio mnaonyamaza! Tangu Memphis najiuliza mnacheza mchezo gani. Napiga, nageuka, nyie mmesimama mnanitazama, watu wanapiga kelele. Nikasema haya, kama watu wanapenda, waacheni."

Babu, hajawahi kusikiliza kaseti hata moja. Zote tulizituma kwako. Verlene akaingia ndani, akaazima chombo cha kusikilizia cha Kessler, akaweka kaseti ya Iowa palepale kwenye kiti cha mbele. Wimbo ukaja, Lavelle akawa anapiga kwa vidole kwenye usukani. Kisha kwenye kaseti dramu zikakoma, na vidole vyake vikaendelea. Verlene alihesabu kwa sauti mpaka kumi na moja.

"Hapo mmekata ukanda," akasema.

"Hatukukata."

"Nimepiga, Verlene. Zote nimezipiga. Nakumbuka." Verlene akaurudisha ukanda, Lavelle akausikiliza tena. Halafu akasogea kiti cha pili, na mimi nikashika usukani.

Dakika arobaini kutoka mjini tulikuwa juu ya jabali, mto uko chini kushoto, barafu barabarani. Alikuwa ananielekeza gia. Akasema, "Hapa teremka taratibu, kanya—" akakatika. Nilimtazama kwa jicho la pembeni. Mdomo unatafuna. Mguu wake wa kulia ulinyooka ukakandamiza sakafu kwa nguvu zote, upande usio na pedali. Nilihesabu ishirini na mbili. Alipomaliza akasema, "—ga breki polepole," kama vile hakuna kilichotokea.

Daktari wa hapa amempa vidonge. Jumamosi tulipiga akiwa amemeza cha kwanza, na kimya kilikuja kidogo. Mtu wa santuri alikipenda. Jana hakikuja kabisa. Watu walikisubiri, walipiga kelele TUNYAMAZIE, tukajaribu kunyamaza wenyewe, ikawa kama kicheko cha kulazimisha.

Sasa nakuuliza kama mkubwa wangu. Tunarekodi Chicago tarehe 2 Mei. Yule mtu anajua habari za vidonge, na anasema Lavelle aviache siku tatu tu, wapate kimya kimoja kwenye ukanda, kisha arudie dawa. Lavelle amekubali. Anasema, "Ni changu, nikitumie." Gari sitampa tena. Siku tatu, Babu. Ni kosa?

Thad


Senatobia
22 Aprili 1972

Mjukuu wangu,

Tumeipokea barua yako, na bibi yako ameisoma akiwa amesimama. Ahsante Mungu. Sisi ni wazima.

Ni kosa. Nakueleza kwa nini, usije ukadhani nakuamrisha. Nilikwenda Memphis kwa basi kumuuliza daktari wa kifafa. Dawa ile ikikatwa ghafla, ugonjwa haurudi peke yake, unarudi na ndugu zake. Aliyekuwa akipotea kwa pumzi chache anaweza kuanguka, kifafa kikafuata kifafa, asirudi kabisa. Daktari alisema hivyo bila kuinua sauti, ndiyo maana nilimwamini.

Unasema Lavelle amekubali. Anakubali kitu ambacho hajawahi kukiona. Ni wewe na Verlene mnaokiona. Kwa hiyo uamuzi hauwezi kuwa wake peke yake, hata kama kimya ni chake. Wala mimi si mtu wa kukuhubiria. Mimi nilimpenda mtoto yule, nikaogopa kumharibia maisha, nikaandika hapana. Mtu huweza kufanya jambo baya sana kwa moyo mweupe.

Huku watu wanasema. Jumapili mama mmoja alihamisha watoto wake kutoka benchi la Odessa. Bibi yako akainuka, akaenda kukaa naye. Odessa hajanisalimu bado, wala simdai salamu.

Najua miaka minne ni nini ukiwa na umri wako. Huna haja ya kuniandikia jibu zuri, Thaddeus. Niandikie jibu.

Babu yako


Carbondale, Illinois
30 Mei 1972

Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Wiki sita sikuandika, na najua mlivyozilala.

Barua yako niliipata kabla ya Chicago, nikaiweka mfukoni siku mbili bila kumwonyesha mtu. Nataka ujue hilo. Siku ya tatu nilifungua begi la matoazi nikakuta vidonge vya Lavelle, havijaguswa tangu Jumamosi. Alikuwa ameanza bila kunisubiri. Wakati huo alikuwa anafunga dramu zake studio, anaimba peke yake, mkono wa kushoto unatetemeka kidogo.

Nikaisoma barua yako kwa sauti mbele yao wote. Yule mtu akasema basi, atakata ukanda kwa wembe na kuunganisha kimya cha kutengeneza, nani atajua? Lavelle akasema, "Mimi nitajua. Kile cha kweli ndicho nisichokisikia, cha kutengeneza nitakisikia." Akameza kidonge chake kwa maji ya bomba. Mtu wa santuri akasubiri kidogo, labda alidhani tutambembeleza. Kisha akavaa koti lake.

Kwa hiyo santuri hakuna. Tunapiga kumbi ndogo. Watu wanapiga kelele TUNYAMAZIE, wanasubiri nyimbo tatu nne, halafu wengine wanaondoka. Wanaobaki wanacheza. Lavelle anapiga vizuri kuliko zamani, ila anachoka.

Daktari alisema vidonge vitapunguza, hakusema vitamaliza. Naendesha mimi. Yeye anakaa kando yangu, na kila akinyamaza naita jina lake. Anachukia sana: "Nawaza tu, Thad! Mtu hana ruhusa ya kuwaza?" Naita hivyo hivyo. Siku nyingi anaitika mara ya kwanza.

Jana, karibu na Paducah, ameitika mara ya tatu.

Mjukuu wako,
Thad